Ufa wa Miritini na Kamera Isiyotetemeka

Baruti ililipuka, vikombe vya kabatini viligongana, sauti ya mama mdogo ikasema "Bismillahi." Hayo yote yalisikika wazi kwenye kanda. Lakini picha yenyewe ilitulia. Ukuta ulisimama, dirisha lilisimama, pazia tu ndilo lililopepea kidogo. Tulikuwa tumeketi kwenye hoteli ya madereva wa malori, Miritini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na televisheni na deki. Watu waliokuja kuona nyumba ikitikisika walianza kuangaliana.

"Mama, nyumba yako imetulia kuliko bibi harusi," alisema mwenye hoteli.

Dereva mmoja akadakia, "Na huo mlio, hata mimi nikifunga mlango wa lori langu unatoka."

Mama mdogo alijifunika buibui lake vizuri, akainuka. Nikatoa kanda nikamfuata.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mama mdogo, yaani mdogo wake mamangu mzazi, alikuwa mjane, na nyumba ile ya mawe ndiyo aliyoachiwa na mumewe. Nyuma yake kulikuwa na machimbo ya kokoto yaliyosogea upande wetu mwaka hata mwaka. Kila Jumatano na Ijumaa king'ora kililia, kisha ikafuata baruti. Ufa ulikuwa umeanza kwenye kona ya dirisha la chumba cha mbele, ukashuka hadi karibu na sakafu. Msimamizi wa machimbo alikuwa akisema nyufa ni za zamani, zimetokana na ujenzi mbaya, na kwamba baruti yake haitikisi nyumba ya mtu. Chifu alikuwa ameita kikao Jumamosi. Hapo angeamua kama baruti isimamishwe mpaka mhandisi wa serikali aje kupima, au kazi iendelee. Ikiendelea, mama mdogo aliniambia, nyumba haitaiona Ramadhani. Ndipo akaniita nije na kamera.

Mimi nilikuwa nikikaa Kisauni, upande wa Mjambere. Nilikuwa nikiandika habari ndogondogo za gazeti, na nikipiga picha za video kwenye harusi za wanawake, ambako mwanamume haingii. Kamera yenyewe alikuja nayo binamu yangu kutoka Uarabuni, na ilisifiwa kwa jambo moja: hata wacheza chakacha wakusukume vipi, picha haitetemeki.

Tulipofika nyumbani nilikaa kibarazani nikaigeuza mikononi. Fundi mmoja wa Changamwe aliwahi kuifungua mbele yangu ilipoingia mchanga. Alinionyesha kwamba lenzi, pamoja na kile kibati kidogo nyuma yake kinachopokea picha, havikufungwa moja kwa moja kwenye mwili wa kamera. Vilikalishwa juu ya springi nyembamba. Akaniambia nitikise. Nikatikisa, lile jicho la lenzi likabaki nyuma kidogo, likaning'inia, likarudi katikati. Kamera ikiwashwa, alisema, vimota vidogo hulisukuma jicho kinyume cha mkono. Mkono ukienda kulia, lenyewe huenda kushoto.

Sasa nikaelewa yaliyotupata hotelini. Mashine ile haikuweza kujua kama kinachotetemeka ni mkono wangu au ni sakafu ya mama mdogo. Vyote ilivifuta.

Kulikuwa na kitufe chenye alama ya mkono, cha kuwasha na kuzima vimota hivyo. Nilikizima, nikasimama uani, nikaupiga ukuta picha, hakuna baruti wala lori linalopita. Nikairudisha kanda, nikampa mama mdogo atazame kwenye kitundu cha kamera. Ukuta ulikuwa ukirukaruka.

"Hapa baruti haikupigwa," alisema.

"Haikupigwa, mama."

"Basi ukiwapelekea hii, yule bwana wa machimbo atasema una homa."

Alisema kweli. Kitufe kikiwashwa, nyumba haitikisiki. Kikizimwa, inatikisika hata bila sababu. Ilikuwa Alhamisi. Baruti iliyobaki kabla ya kikao ilikuwa moja tu, ya kesho yake alasiri.

Niliingia chumba cha mbele nikaanza kukiangalia kama nitakavyokiandika, kitu kimoja kimoja. Vumbi la machimbo lilikuwa likiingia kila penye nafasi, na wanawake wa mtaa ule walizoea kupika uji mzito wa ngano na kubandika vipande vya gazeti kuzunguka madirisha. Mama mdogo alikuwa ameziba madirisha yake yote. Karatasi za pembeni zilikuwa nzima, zimekauka na kugeuka manjano. Zilizobandikwa juu ya ufa zilikuwa bado nyeupe, na zote zilichanika katikati.

"Hizi mbona zimechanika?"

"Hizo ni kila baruti," alijibu kutoka jikoni. "Nishachoka kuzibandika."

"Zinachanika zenyewe? Hakuna anayezigusa?"

"Nani azishike, mwanangu? Mimi na paka?"

Nilimwambia apike uji mwingine. Nilichokuwa nikikitafuta hakikuwa mtikisiko wa nyumba nzima. Nilitaka kuonyesha upande mmoja wa ukuta ukiuacha mwenzake, na hilo springi haziwezi kulificha, kwa kuwa zinaituliza picha yote kwa pamoja. Tena mchaniko mdogo kama ule hauonekani kwenye picha inayorukaruka. Kitufe kingewashwa.

Ijumaa asubuhi tulibandika kipande kipya, kirefu, juu ya ufa, kikakauka kwa upepo. Tabu ilikuwa moja. Ili kionekane sawasawa, ilinibidi nisimame hatua mbili tu kutoka ukutani, na kanuni ya mtaa ni kwamba king'ora kikilia kila mtu atoke nje.

"Wewe ni mtoto wa watu," mama mdogo alisema. "Jiwe likikuangukia nitamwambia nini dadangu?"

"Mwambie nilikuwa kazini."

"Kazi gani ya kusimama chini ya ukuta."

Hata hivyo hakutoka. Alisimama kwenye mlango nyuma yangu, akashika gauni langu mgongoni, tayari kunivuta.

Niliwasha kabla ya king'ora ili nacho kisikike kwenye kanda. Jasho liliniingia machoni, nisiweze kulifuta. Kwenye kitundu niliiona karatasi, maandishi yake, povu dogo la hewa mahali uji haukushika. King'ora kililia kirefu, kikanyamaza. Nje kuku waliendelea kulia. Nikafikiri labda leo wameahirisha. Nyuma yangu nilihisi mkono wa mama mdogo ukikaza gauni.

Sakafu ilinipiga nyayoni kabla sijasikia mlipuko. Karatasi ilichanika kuanzia juu, ikashuka hadi chini kama khanga inayopasuliwa dukani, na kingo zake zikaachana. Donge la plasta liliniangukia begani. Mama mdogo alinivuta, nami nikaegemea mbele kumpinga, kwa kuwa nilitaka kuona kama kingo zitarudiana. Hazikurudiana. Hapo nikamwachia anitoe.

Jumamosi televisheni na deki ya hoteli vililetwa ofisini kwa chifu, na yule mwenye hoteli akaja navyo mwenyewe. Kanda ilitazamwa. Mwisho msimamizi wa machimbo akakohoa.

"Karatasi, chifu, hata upepo huichana."

"Upepo gani huo, bwana," mama mdogo akamuuliza, "unaopiga king'ora kwanza?"

Watu walicheka, hata askari wa mlangoni. Chifu hakucheka. Aliomba kanda irudishwe, akasogea karibu, akatazama mara ya pili, na ya tatu. Kisha akasema baruti isimame upande ule mpaka mhandisi aje. Mama mdogo alisema alhamdulillahi, akanishika goti.

"Na wewe, mama," chifu akaendelea, "nimeona ukuta ulivyofunguka. Kuanzia leo usilale mle."

Mkono wa mama mdogo ukatoka gotini kwangu. Njiani, tulipoliona paa la nyumba, akanigeukia.

"Nilikuita uwasimamishe wao, mwanangu. Sikukuita unitoe mimi."

Akatangulia mbele.

Mhandisi alikuja wiki iliyofuata. Alisema baruti isirudi upande ule, na haikurudi. Alisema pia ufa umefika kwenye msingi, vyumba vya nyuma vinaweza kusimama, lakini cha mbele lazima kibomolewe. Wapwa wa marehemu mumewe walipanda kuezua mabati. Mama mdogo alisimama chini ya ngazi, akilipokea kila bati kwa mikono yake, na alimkaripia yeyote aliyelitupa.

"Lilaze taratibu," alisema. "Usilikunje. Hilo linarudi juu."