Mashtaka saba niliyomwandikia Bwana Salim wa Shella, na jinsi ugonjwa wa Parkinson ulivyoyajibu

Wakuu wa jukwaa, hamjambo nyote, na walionizidi umri shikamooni.

Juma lililopita niliona humu picha ya mzee anayeyumba sokoni, na chini yake watu wazima wakicheka: "Mnazi huo! Amelewa!"

Nilikasirika, na hasira yangu ina msingi. Mimi ni karani mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kuweka kumbukumbu sawa, na kuna kumbukumbu moja niliyoiweka kombo kwa mkono wangu mwenyewe. Leo nainyoosha. Majina nimeyabadili, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya themanini, Malindi, katika ofisi ya kusajili vizazi na vifo.

Karani mkuu alikuwa Bwana Salim, mwenyeji wa mtaa wa Shella hapo hapo Malindi, suruali imepigwa pasi hata ukiigusa waogopa kukatwa. Mimi nilikuwa karani wa pili, Mgiriama wa Magarini, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Hati yake ya mkono ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu waliomba cheti kiandikwe na yeye, si na mimi.

"Kalume," huniambia, "wewe huandiki, walima. Hebu inua jembe kidogo."

"Shamba langu lazaa, Bwana Salim," humjibu. "Hayo maua yako huliwa na nani?"

Tuliishi hivyo kwa miaka mingi. Kisha akabadilika.

Kwanza aliacha kuitikia salamu. Wale wa pwani mnajua uzito wa jambo hilo. Mtu huja dirishani na "Shikamoo, Bwana Salim," naye humtazama kwa uso mkavu, hapepesi jicho, na marahaba yake, ikiwapo, haivuki meza. Mama mmoja kutoka Marereni aliondoka akinena kwa sauti: "Cheo kimempanda kichwani huyu. Hata meno atunyima!"

Kisha mkono wa kulia ukahamia mfukoni. Akisimama na wageni, umo mfukoni. Akiketi, umekaliwa.

Hati ile nzuri nayo ikaanza kusinyaa. Jina la mtoto lilianza kama punje za mahindi, likaisha kama mbegu za mchicha.

Akawa anatoka mezani kila mara kwenda msalani, na kurudi kwa hatua fupi za kuburura. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo. Asubuhi moja mkuu wa ofisi aliingia, Bwana Salim akasimama kwa heshima, na papo hapo akaanguka chini.

Mkuu wetu alikuwa mtu wa bara, mgeni wa miezi michache. Aliniita ofisini kwake.

"Huyu anakunywa," akasema. "Andika kila kitu."

Nikaandika. Wakuu, niliandika vizuri mno.

Mtauliza: hukumjua? Nilimjua. Sikuwahi kumwona hata akipita karibu na mangwe, pale panapouzwa mnazi, na sisi wenye minazi twajua nani hupita. Lakini nilikuwa na kinyongo. Nami pia nilimpa shikamoo asubuhi moja mbele ya watu, akanitazama kama ukuta. Tangu siku hiyo kalamu yangu ikanoleka.

Mashtaka yalifika saba. Kudharau wananchi kwa kutoitikia salamu. Kunong'ona anapoulizwa na mkubwa wake. Kuharibu rejista kwa hati isiyosomeka. Kutoka mezani bila ruhusa. Kuweka mkono mfukoni mbele ya wakubwa. Kudondosha mate juu ya nyaraka. Kuyumba na kuanguka kazini, "kwa dalili zote za ulevi." Maneno hayo ya mwisho ni yangu, sikuambiwa na mtu.

Mjue kilichokuwa mizanini. Ulevi ukithibitika, angefukuzwa kazi bila heshima. Na mtu wa Shella akipigwa muhuri wa ulevi na serikali, ataketi safu gani msikitini? Nani atamwita kwenye posa ya mwanawe? Jina lake lilikuwa ndilo mali aliyokuwa nayo.

Kanuni ilitaka apimwe kwanza na daktari Mombasa. Nikaamriwa nimsindikize na bahasha ya mashtaka. Mkewe, Bi Zuhura, akakataa kubaki nyuma.

Siku hizo Kilifi haikuwa na daraja. Abiria tulishuka basini tukatembea kuingia kivukoni. Bwana Salim alipofika pale chuma kinapokutana na nchi kavu, akaganda. Miguu ilikataa kabisa, kama iliyopigiliwa misumari.

"Mzee, ingia! Kivuko hiki hakiendi Makka!" akapaza mtu nyuma yetu, na watu wakacheka.

Bi Zuhura hakugeuka. Aliweka mguu wake mbele ya mguu wa mumewe, akasema taratibu, "Uruke wangu, baba Fatma. Uruke tu."

Akauruka. Kisha akaenda mwenyewe hatua zote hadi ndani.

Nikaingia kivukoni nyuma yao, na bahasha ikaanza kunilemea. Walevi nimewaona wengi. Mlevi huangukia mguu wa mwenzake, hauruki.

"Hufanya hivi tangu lini?" nikamuuliza Bi Zuhura.

"Tangu mwaka jana. Na kabla ya hapo pua ilikufa. Samaki ameharibika, mimi naziba pua, yeye ala. Tumbo nalo, siku nne tano hapati choo. Mapapai yote ya mtaa yameishia kwangu." Akanitazama. "Wewe wakaa naye kutwa, Kalume. Hukuona?"

Niliona, wakuu. Niliona hata nikaandika.

Daktari wa Mombasa alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alifungua bahasha, akasoma ukurasa wote, akarudia tena. Halafu akaniuliza mimi:

"Historia hii ya mgonjwa imeandikwa na daktari gani?"

"Si daktari," nikasema. "Ni karani. Na si historia, ni mashtaka."

"Basi huyo karani ana macho," akasema. "Sijaletewa ugonjwa wa Parkinson ulioelezwa kwa utimilifu hivi."

Alimfanya Bwana Salim agonganishe vidole, ageuke, aandike jina lake. Akampima shinikizo la damu ameketi, kisha amesimama. Liliposhuka akanionyesha sababu ya kuanguka kwake. Kisha akatueleza kwa lugha ya ofisi, kwa kuwa alijua anazungumza na makarani.

"Ubongo ni makao makuu. Amri bado zatolewa, lakini matarishi wa kuzipeleka wanakufa mmoja mmoja. Uso wangoja barua ya kutabasamu, haifiki. Koo langoja barua ya kumeza mate. Mkono, miguu, matumbo, kibofu, wote wamo foleni. Akili yake iko mezani pake kama kawaida. Anakusikia, na anakujibu. Jibu ndilo lachelewa njiani."

Nilimtazama Bwana Salim. Uso ulikuwa ule ule wa ukuta. Chozi moja lilikuwa likishuka juu yake.

Siku ya kikao cha nidhamu nilisimama na karatasi yangu. Enzi zetu kosa la rejista halikufutwa. Lilikatwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, lisomeke, na lililo sahihi likaandikwa juu yake pamoja na jina la mrekebishaji. Mbele ya kikao nikakata neno "Mashtaka", nikaandika "Dalili", nikatia sahihi.

"Kalume!" mkuu akaruka. "Si wewe uliyeyaandika?"

"Ndimi, bwana. Na kwa hiyo mrekebishaji ni mimi."

Nikasoma yote saba, moja moja, pamoja na kiungo kinachohusika, kisha nikaweka barua ya daktari mezani. Kikao kikayatupa mashtaka. Bwana Salim alistaafu kwa ugonjwa, jina lake safi.

Hakupona; Parkinson haiponi. Vidonge vilimrudishia mkono kwa muda na hatua kwa muda. Lakini kila Ijumaa nilikwenda Shella, nikaketi naye barazani, nikatoa shikamoo. Kisha nikangoja. Mara nyingine kahawa hupoa.

"Marahaba, Kalume," hufika mwishoni, kwa sauti ya upepo. "Bado walima?"

"Nalima, Bwana Salim."

Wakuu, somo langu ni hili: kabla hujaandika "mlevi", "amerogwa" au "ana kiburi", uliza ni kiungo gani kinachongoja barua. Na ukimsalimu mtu, mpe salamu muda wa kurudi.

Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, au mwenye kunisahihisha, aandike hapa chini. Nitamjibu kila mmoja kwa jina lake. Nikichelewa, nisubirini.