Magoti ya Gharibu

Tangu waraka ule ubandikwe mlangoni mwa kituo cha polisi cha bandari ya Kismayo, Gharibu Famau hakutulia. Ulisema askari wote, wakubwa kwa wadogo, watapimwa miili: mbio, unyumbufu wa viungo, na kuketi na kuinuka kwa amri. Atakayeshindwa atastaafishwa siku iyo hiyo. Gharibu alikuwa na miaka arobaini na sita, kumi na tisa kati ya hiyo akilinda lango la bandari, na kiuno chake, tuseme kweli, kilikuwa kimeshaanza kujifanya cha mtu mwingine.

Akawa anainama kila mahali. Aliinama kwenye jamvi kabla ya chai, akainama zamuni, akainama uani akingoja birika la kutawadha lijae. Vidole vilifika ugokoni vikagoma. Mkewe, Mwanamwema, alimtazama siku nne. Ya tano ikamshinda, akauliza kwa lahaja ya kwao.

"Baba Hafswa, mchu mzima umepoteza nini huko chini?"

"Kazi," akajibu Gharibu. "Natafuta kazi yangu."

Mwanamwema akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akaweka mwiko chini, akaja nyuma yake, akamkandamiza mgongo kwa viganja viwili mpaka mwanamume akaona nyota mchana. Ikawa ndiyo shughuli yao kila asubuhi, wiki tatu mfululizo.

Usidhani alikuwa analilia mshahara tu. Lango alilipenda. Watu wa kisiwa cha Chovai na wa Burgao walipoleta samaki wao mjini, palikuwa na mtu mmoja pale bandarini wa kuwasikiliza kwa lugha yao, Kiswahili cha visiwani, na mtu huyo alikuwa yeye. Miaka yote kumi na tisa alikuwa peke yake kituoni kutoka visiwani.

Sasa walikuwa wawili, na hilo nalo lilimkosesha raha. Kisomali kilikuwa kimepewa herufi zake na kufanywa lugha ya Serikali, na amri za Kitaliano alizozikulia Gharibu zikafutwa. Maofisini yakazuka maneno kwamba watu wa visiwani hawakijui Kisomali vizuri, wasiandikwe askari. Gharibu, aliyezaliwa akikisikia na aliyegombana nacho, akacheka nacho na kuulizia bei nacho maisha yake yote, alikasirika. Akaenda mwenyewe kwa mkubwa wa kituo kumdhamini Mahmudi, mwana wa Bi Arafa wa Chovai, mwenye miaka ishirini na miwili. "Kisomali anakijua kama mimi," alisema. Kwa maneno hayo tu, Mahmudi akaandikwa.

Siku ya kipimo walipangwa kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya kambi, mbele ya mkaguzi aliyetoka mji mkuu, Muqdisho. Mbio zilikuwa mizunguko minane. Gharibu aliimaliza akihema kwa kinywa wazi, lakini nyuma yake aliwaacha vijana wawili wavuta sigara, na hilo lilimtuliza kidogo. Kisha likaletwa sanduku la mbao lenye alama. Unaketi, unanyoosha miguu, nyayo unazibandika kwenye sanduku, unasukuma vidole mbele. Vidole vya Gharibu vikazipita nyayo kwa upana wa vidole viwili. Alimkumbuka Mwanamwema na viganja vyake, akataka kucheka kwa sauti.

Likabaki la mwisho, jepesi kuliko yote: kuketi na kuinuka mara thelathini. *Fariiso*, mnaketi. *Kac*, mnainuka. Ile c ya mwisho ni ain, kama ya Kiarabu, inabanwa kooni, na kwa mtu aliyepumzika haina shida. Lakini ilikuwa mara ya ishirini na mbili, jua limepanda, masikio yanavuma, na mkaguzi mwenyewe sauti imemkauka hata ain ikapotelea njiani. Gharibu alikuwa ameketi. Kilichomfikia ni "kaa". Na mtu wa Chovai akiambiwa kaa, hukaa.

Wote wakainuka. Kando yake Mahmudi alichelewa kidogo, naye akaruka wima.

"Kac!" mkaguzi akarudia.

Gharibu, askari mtiifu, akajiweka vizuri zaidi, akakunja na miguu.

Kicheko ndicho kilichomzindua. Uso ukamwaka kwa aibu, akasimama. Mkaguzi akamjia, na hakuwa mtu mbaya.

"Jaalle," alimwambia, kwa neno la siku zile la kuitana ndugu, "umekimbia, umejinyoosha. Kwa nini hukuinuka? Kama kuna sababu, sema, nikuache umalize."

Sababu ilikuwapo, tena fupi. Angeieleza, angemalizia mara nane zilizobaki, kesho angekuwa langoni. Na kabla ya adhuhuri ofisi nzima ingejua kwamba mtu wa visiwani, baada ya miaka kumi na tisa, haelewi amri. Itakuwaje basi kwa yule aliyedhaminiwa naye? Akamsikia Mahmudi akivuta pumzi.

"Jaalle mkaguzi, kwetu sisi neno hilo…"

"Magoti," Gharibu akamkata. "Magoti yamekufa, jaalle. Ni umri." Alilisema kwa Kisomali safi, kila ain mahali pake.

Mkaguzi akayatazama magoti hayo, yaliyosimama imara kama nguzo, akaandika.

"Ami Gharibu," Mahmudi akanong'ona.

"Tazama mbele."

Amri zikaendelea. Gharibu alisimama kando ya uwanja akimhesabia kimoyomoyo Mahmudi, aliyeketi na kuinuka bila kukosea tena, hadi thelathini. Kisha akavua mkanda wa Serikali, akaukunja, akampa mkaguzi.