Mama Niliyemufukuza Kwenye Groupe

Naandika hii na haya nyingi. Mimi ndiye naangalia groupe ya watu wa mtaa wetu, quartier Mususa, kwenye mtandao, na nilijisifu kwamba natambua ba-escroc, watu wa kudanganya, mbio: akaunti mupya, hakuna foto, anaomba numero ya mutu.

Juma iliyopita mama mumoja wa namna hiyo aliandika: "Nimekimbia vita Kanyabayonga, niko Beni, ku Bungulu. Natafuta binti yangu Kavira, anaishi Mususa. Mwenye kumujua anipe numero yake."

Nilicheka. Kavira! Huku kila njia iko na ba-Kavira kumi. Nikamujibu mbele ya wote: "Mama wa uongo, enda utafute bajinga fasi ingine." Nikamutoa. Watu wakanipongeza, nikajiona mukubwa.

Jana jirani yangu, mushonaji tunayemuita Mama Grâce, aliniita kwake na furaha. Yeye hana simu ya mtandao. Mama yake alikuwa amefika. Padri mumoja wa Beni ndiye alimusaidia kumutafuta binti yake mpaka akafika. Nikakuta mama muzee, miguu imevimba.

"Mama, huyu ni Kasereka, anaangalia groupe ya quartier."

Muzee alinitazama. "Kasereka? Ni wewe ulinifukuza?"

"Alikufukuza wapi?" Mama Grâce akauliza.

"Niliandika jina yako, Kavira. Akasema mimi ni mama wa uongo."

Miaka sita tuko majirani, na sikuwahi kumuuliza jina lake. Kiti alichokuwa ananiletea, akakirudisha ndani.