Bawabu wa Matangazo ya Vifo

Katika kituo kile kidogo cha redio, fundi mitambo aliitwa Sikio, na jina lilimkaa. Feni ikizunguka chumba cha tatu, atakwambia skrubu gani imelegea. Miaka ishirini alikuwa akisikiliza watu kupitia waya, mpaka akaanza kuamini kwamba mtu ni sauti yake. Mengine yote ni nguo tu.

Chini ya studio palikuwa na karakana ya seremala. Msumeno wa umeme ukinguruma, habari husikika kama zinasomwa juu ya mti unaokatwa. Ndipo Sikio alipowashawishi wakubwa wanunue maikrofoni mpya, yenye kusikia kama mama wa mtoto mchanga, pamoja na kifaa alichokiita bawabu. Sauti kubwa ikija, bawabu anafungua mlango. Sauti ndogo ikija, anafunga. Mtangazaji akinyamaza, msumeno nao haupati pa kupita. Wiki nzima Sikio alitembea kifua mbele.

Wiki ya pili simu zikaanza kumiminika.

Zote zilihusu matangazo ya vifo ya saa saba mchana, na msomaji wake alikuwa mama mkwe wa Sikio. Mama huyu aliamini kwamba kutajwa vizuri ni heshima ya mwisho anayopewa marehemu, kwa hiyo kila sentensi aliishusha taratibu, kama anayelaza mtoto. Bawabu hakujua heshima. Sauti ikishuka tu, mlango paa! "Mazishi yatafanyika kesho, saa..." Kimya. "Marehemu ameacha mjane na watoto..." Kimya.

"Jana watu wamefika makaburini asubuhi, maiti imefika jioni," meneja alilalamika. "Mama amezeeka, sauti imekwisha. Kuanzia kesho atasoma mtangazaji wa mpira."

"Yule anayepiga kelele za goli?"

"Angalau yeye anasikika."

Sikio alihisi masikio yakimuwaka moto. "Bosi, nipe leo tu. Mama hana kosa. Kosa ni la bawabu wangu."

"Leo tu," meneja alisema.

Saa sita na nusu Sikio alizima bawabu, akang'oa maikrofoni mpya, akatoa kabatini ile ya zamani, nzito kama mchi, isiyosikia neno mpaka uisogelee. Msumeno ukalia kule karakanani. Katika hedifoni ulisikika kama nyuki wa nyumba ya pili. Ila maikrofoni hiyo ilikuwa na sharti: msomaji awe vidole viwili tu kutoka kwenye chuma.

Mama mkwe aliketi, akainama, akarudi nyuma haraka.

"Baba, hiki kitu kinanuka vitunguu!"

"Kimetumiwa na watangazaji wote, mama."

"Basi mnataka niwabusu watangazaji wote, tena mbele ya mkwe wangu?"

Sikio akatazama sakafu. Akachomoa sponji iliyofunika kichwa cha maikrofoni mpya, akaivisha ile ya zamani. "Hii haijaguswa na mdomo wa mtu, mama. Ni yako peke yako."

Mama akainusa, akaridhika, lakini bado aliketi mbali, mgongo wima kama mgeni wa heshima. Zilibaki dakika mbili kufika saa saba. Unamwambiaje mama wa mkeo asogeze midomo?

"Mama, leo usiwasomee wasikilizaji. Msomee mfiwa mmoja. Amekaa hapo, ameinamisha kichwa. Ukisema kwa mbali, hatakusikia."

Mama alimtazama kidogo. Kisha akainama, karibu kabisa, kama anayemshika mtu bega.

"Mazishi yatafanyika kesho, saa kumi alasiri." Neno la mwisho lilishuka polepole, zima, mpaka pumzi iliyolifuata ilisikika. Sikio alifumba macho. Tangazo la pili, la tatu, la nane: kila mtoto alihesabiwa, kila mjane alitajwa.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

"Simu hazijalia," alisema hatimaye. "Hata moja."

"Wamesikia, wapige za nini?" mama mkwe akajibu, akivua sponji na kuitia mkobani. "Hii naondoka nayo. Kesho nitarudi nayo saa saba."

Meneja akampisha njia.