Mshale Ulioandikwa "Mimi"

Mdogo wangu alifunga mizigo ya kreni miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyeumia mbele yake. Naanza na hilo kwa sababu baadaye halikumsaidia kitu. Yeye mwenyewe hakuchoka kulisema, mpaka mkewe akawa anamkatiza: hilo tumeshalisikia, kula.

Alifanya kazi uani, kwenye karakana ya vyuma. Kreni inashusha ndoano, yeye anapitisha waya kwenye mzigo, anarudi nyuma hatua tatu, anainua kidole, mwenye kreni anavuta. Mzigo ukishaachana na ardhi, anauwekea kiganja ubavuni na kutembea nao taratibu kama mtu anayempeleka ng'ombe josho. Bila kile kiganja mzigo huyumba, na chuma kikiyumba hakichagui kichwa cha nani.

Kisha kampuni ikaleta meneja mpya, na meneja akabandika tangazo. Kufikia mwisho wa mwaka, asiye na cheti asisimame chini ya ndoano. Cheti kilikuwa kinatolewa chuo cha ufundi, masomo Jumamosi mchana, na mtihani unaruhusiwa mara tatu, basi. Mdogo wangu alikuwa na miaka arobaini na minne. Wakampa dawati la nyuma, katikati ya vijana ambao ndevu zilikuwa bado zinawajaribu.

Somo lililomkwamisha linaitwa msawazo wa kani, na si gumu kama jina lake. Unachukua kitu kilichotulia, tuseme boriti iliyoning'inia, unakichora peke yake kama kinaelea hewani. Kila kinachokigusa unakiondoa, na mahali pake unaweka mshale: waya unavuta huku, uzito unavuta kule. Halafu unahesabu. Ya juu ilingane na ya chini, ya kulia na ya kushoto, na kinachotaka kukizungusha upande mmoja kilingane na kinachokizungusha upande wa pili. Basi.

Mdogo wangu alichora boriti vizuri, akachora waya, akachora uzito. Kisha ubavuni akachora mshale mdogo, akauandikia "mimi".

Mwalimu alikuwa kijana wa shati lililonyooka na ulimi wa wembe. Aliinua ile karatasi darasa zima lione. Waya nauona, akasema, uzito nauona. "Huyu 'mimi' ni nani, na ana kilo ngapi?"

Mdogo wangu akasimama kama mtoto wa shule. "Ni mimi, mwalimu. Nimeushika usiyumbe."

Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Tangu siku ile akawa Bwana Mimi. Mtihani wa kwanza akaanguka. Wa pili akaanguka, kwa mshale uleule. Jina likafika mpaka uani, na mwenye kreni, mtu waliyekula naye sahani moja miaka kumi, akawa anamwita kutoka juu: Bwana Mimi, unashika au nivute?

Ndipo akaja kwangu na daftari.

Mimi nimesoma darasa la saba tu. Lakini kwenye hesabu nilikuwa wa kwanza miaka mitatu mfululizo, na mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwa miguu yake kumwomba baba niendelee. Baba akasema atakayeendelea ni mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume akaendelea miaka miwili, akaacha, akaenda kubeba vyuma. Mimi nikabaki kufua na kupiga pasi nguo za watu. Sasa yule yule, baada ya miaka zaidi ya thelathini, anaweka daftari juu ya meza yangu ya pasi na kusema, dada, nisaidie. Msidhani nilikimbilia kumpikia chai.

Lile daftari nililisoma wiki moja nikalielewa. Kwani mambo yale nilikuwa nayaona kila siku kwenye kamba ya kuanikia. Kamba ukiivuta ikanyooka kama rula, blanketi moja bichi linang'oa nguzo. Ukiilegeza ikabonyea katikati, inabeba mablanketi matatu na haina habari. Nilimtoa nje nikamwonyesha. Hiyo alishaijua mikononi, kwenye waya zake, bila mtu kumwambia. Taabu yake haikuwa hesabu. Taabu yake ilikuwa ule mshale.

"Futa," nikamwambia.

"Nifute nini?"

"Wewe. Hapo hupo."

"Sasa mzigo kaushika nani?"

"Waya."

"Waya hauna akili, dada."

"Ndiyo maana wenyewe haujaanguka mtihani."

Wifi yangu, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliziba mdomo kwa kanga akicheka, halafu akamtazama mumewe akaacha. Mimi sikuacha. Kila Jumapili, wiki sita, mkono wake ulipouchora ule mshale nilimfutisha mwenyewe, na wakati anafuta nilimwuliza ana kilo ngapi leo. Kuna kurasa zilitoboka kwa kufutwa. Wiki ya sita karatasi ikatoka safi. Nikamwambia wifi, mbele yake, nimemtoa, sasa hayumo.

Mtihani wa tatu ulikuwa na maswali manne, kila moja alama ishirini na tano, na kufaulu ni themanini. Matatu ya kwanza aliyapata yote, hakuna mshale wa ziada popote. La nne lilikuwa mzigo wa tani mbili unaoning'inia kwenye waya mbili zilizotanuliwa sana, zimeinuka digrii kumi na tano tu. Tafuta mvuto wa kila waya, andika jibu ndani ya kisanduku.

Alikokotoa kwenye karatasi ya pembeni. Akapata karibu tani nne kwa kila waya, kwa mzigo wa tani mbili. Ndilo jibu. Kilichobaki kilikuwa kulihamishia kisandukuni. Lakini lile jibu lilimtisha, kwa kuwa alijua waya uliolala hivyo unamfanya nini mtu aliye chini yake. Ndani ya kisanduku akaandika: "Waya zimelala. Mimi siinui."

Sabini na tano. Mwalimu aliyasoma yale maneno darasani mara mbili, ya pili akiiga sauti ya mdogo wangu.

Ile karatasi ya pembeni niliikunja nikaenda nayo chuoni mwenyewe. Mwalimu aliipitia mstari kwa mstari. Akakubali kwamba hesabu ni sahihi, ila kinachosahihishwa ni kisanduku.

"Swali halikumwuliza kama angeinua, mama. Nani alimfundisha?"

"Mimi."

"Wewe ungefaulu," akasema.

Nilirudi natembea kama niliyevishwa taji. Nikaingia kwa mdogo wangu, nikamkuta amekaa na mkewe, nikayasimulia yote, na hilo la mwisho nililirudia. Wifi ndiye aliyesema.

"Wifi, ulikwenda kumtetea yeye au kujipima wewe?"

Mwaka ulipoisha walimweka getini. Afungue mnyororo lori likija, afunge likitoka. Chini ya ndoano akasimama kijana mwenye cheti.

Ninapoyasimulia haya, watu hungoja niwaambie mzigo ulianguka siku moja na meneja akaja getini kupiga magoti. Haukuanguka. Yule kijana alikuwa makini na alijua kazi. Mdogo wangu ndiye aliyengoja. Miaka tisa, kila kreni ilipovuta, alisimama na mnyororo mkononi mpaka asikie mzigo umetua. Jumapili akija kwangu hakuwa na hadithi nyingine: kijana kasimama vibaya, kijana kafunga waya zimelala, siku yake inakuja.

Siku iliyokuja ilikuwa yake mwenyewe, ya mapafu. Nilimkuta kitandani amebaki mifupa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepita karakana kuchukua barua yake ya hospitali, nikazungumza na mwenye kreni, na mdogo wangu alijua kwamba nimetoka huko.

"Dada," akaniuliza, "tangu wanitoe, hakuna hata mzigo mmoja uliodondoka?"

Wifi alinitazama kutoka upande wa pili wa kitanda. Alikuwa ananiomba, na nilielewa ananiomba nini. Neno moja tu: ulidondoka.

"Hakuna hata mmoja," nikasema.

"Vizuri," akajibu, akageukia ukutani.

Wifi alinishika mkono akanitoa chumbani, na chakula changu jioni ile kililetwa nje barazani, kwenye sahani ya wageni.