Firigisi ya Daktari Mtarajiwa

Mtu akikuambia kwamba ugumu wa shahada ya uzamivu uko kwenye utafiti, ujue hajawahi kuomba nafasi yenye ufadhili. Utafiti wangu ulikuwa tayari kichwani miaka mingi. Nafundisha Biolojia katika shule moja ya upili hapa Kakamega, na kilichokuwa kikinisumbua ni mukombero, ule mzizi mkali tunaoutafuna na unaouzwa mjini kwa mafungu. Msituni, upande wa Isecheno, unazidi kuadimika. Nilitaka kujua kama unaweza kupandwa shambani na ukabaki na ukali wake. Ni swali dogo, lenye maana, na halimkosei mtu.

Ufadhili ndio uliokuwa roho ya jambo hili. Bila huo, mimi na uzamivu tungeendelea kuonana kwa mbali.

Tovuti ya chuo ilisema nisitume ombi kabla ya kupata profesa aliyekubali kunisimamia. Nikamwandikia profesa. Baada ya kumkumbusha tena na tena, akajibu kwamba yeye hamkubali mtu ambaye hajatuma ombi. Nikapiga simu ofisini, mama mmoja mwenye sauti ya upole akanishauri nifuate maelekezo ya tovuti. Nilikaa kwenye ngazi za stafurumu, chumba chetu walimu, nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyechoka. Mwishowe profesa alikubali, nadhani ili nimwache apumzike. Hapo tovuti ikakataa vyeti vyangu kwa sababu faili lilikuwa zito. Nikalipunguza. Ikalikataa kwa sababu halisomeki.

Kwa hiyo nilipoitwa kwenye usaili, wa mtandaoni, Jumamosi asubuhi, furaha ilinizidi nguvu nikampigia mama simu. Wazazi wangu wako Khwisero, na mama ni mtu wa ile zamani ambapo mwenye kuitwa alikuwa ameshapata.

"Wamekuita?" akauliza.

"Wameniita kuniuliza maswali tu, mama."

"Lakini ni wewe wameita."

"Mimi na wengine wengi."

"Sisi tulikuwa tunaitwanga mara moja tu, na unaenda na sanduku. Asante Yesu!" Akakata simu kabla sijamjibu.

Jumamosi ilipofika, nilivaa blauzi ya heshima juu na leso ya nyumbani chini, nikaanza kupitia maelezo yangu. Mlango ukabishwa. Alikuwa baba, amevaa koti lake la harusi za watu. Nyuma yake mama, na nyuma ya mama, akina mama wanne wa kanisa lao, mmoja na kuku hai kwapani, mwingine na unga wa obusuma, ugali wetu.

"Tumekuja kushukuru na Daktari," mama akasema, akiingia.

Nyumba yangu ni chumba kimoja. Pazia ndilo linalotenga kitanda na viti. Usaili ulikuwa unakaribia kuanza, na kwetu mgeni aliyekuja na kuku haambiwi arudi kesho. Ningewafukuza, maneno hayo yangesemwa hadi kwenye matanga yangu.

"Mama, usaili ni sasa hivi!"

"Si ufanye? Nani amekukataza? Sisi tuko hapa nje na jiko, tunapika tu polepole."

Nilikasirika. Nikavuta pazia, nikakaa kitandani, laptopu juu ya sanduku la nguo.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Wa kwanza aliniuliza ningechaguaje mashamba ya kufanyia majaribio. Nilipokuwa nikieleza, kuku alipiga kelele zake za mwisho hapo nje. Niliendelea. Wa pili akauliza ningewashawishi vipi majirani wa msitu washirikiane nami. Nikafungua kinywa, na ng'ambo ya pazia maombi yakaanza.

"Bwana, mkumbuke Daktari wetu!"

"Amina!"

"Mpe majibu!"

"Amina!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenyekiti wa jopo alivua miwani, akajifuta macho. "Naona jamii iko nawe," akasema. Kisha akauliza la mwisho: nikipewa nafasi bila ufadhili, ningefanya nini? Nikasema ukweli, kwamba sitaweza kuichukua. Akaandika kitu. Waliponiaga nilibaki nikitazama kioo cheusi, nikijua nimeharibikiwa na sijui nimlaumu nani.

Chakula kikaandaliwa. Sasa, firigisi ya kuku, sisi tunaiita imondo, ni ya mwenye boma, si ya mwanamke. Nyanya yangu alizeeka bila kuruhusiwa hata kuonja kuku. Mama anakula kuku, lakini imondo hajawahi kuigusa. Baba aliichukua kwenye bakuli kama kawaida yake, akainuka, akaiweka kwenye sahani yangu. Wale akina mama wakatazamana.

"Baba, bado sijapata."

"Kula."

"Nikikosa je?"

"Mimi nimesema kula. Chakula inapoa."

Nikala. Ilikuwa ngumu, haijaiva vizuri, na niliona haya nikiitafuna huku watu wote wakinitazama. Waliondoka wakiimba. Kuanzia siku hiyo Khwisero nzima ikaniita Daktari, na fundi viatu wa sokoni akaniuliza dawa ya mgongo.

Jibu la chuo lilikuja mvua zilipoanza. Walifurahi kunipa nafasi. Walisikitika kwamba ufadhili haukutosha. Walinikaribisha nijilipie. Nililisoma nikiwa stafurumu, nikasema neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema, mwenzangu akafunga dirisha. Furaha na masikitiko, vyote katika aya moja, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba waliniuliza nami nikawajibu!

Nilienda nyumbani kuwaambia. Mama aliinamisha kichwa, akasema labda wamekosea, nipige simu. Nilimfokea kwamba hawakukosea, na kwamba yeye ndiye aliyenitangaza kila mahali, sasa nitapita wapi? Alienda kumshika kuku, kwa kuwa mtoto amekuja nyumbani, na mtoto akija kuku anachinjwa hata kama mtoto mwenyewe anafoka.

Tulipokaa kula, baba ndiye aliyeanza.

"Ile imondo ulikula, si ndiyo?"

"Nilikula, baba."

"Basi. Haiwezi rudi kwa kuku. Andika tena."

"Baba, hujui vile watu hawa wanasumbua. Hujui!"

"Sijui," akakubali. Akatafuta ndani ya bakuli, akaitoa imondo, akaiweka kwenye sahani yangu. Yeye akajitwalia shingo.

"Na hii ni ya nini tena?"

"Hiyo ni ya mwaka kesho."

Nilikuwa na hasira na chuo, na profesa, na mama, na yeye. Wakati huu mama alikuwa ameichemsha hadi ikalainika. Niliila yote.