Mlaji wa Jeppestown

Ofisi yetu ilikuwa Midrand, kwenye jengo la vioo lenye bustani isiyokanyagwa na mtu, na mimi nilikaa Jeppestown, mjini Johannesburg. Wenzangu hawakuacha kunishangaa. "Eish, unafuata nini kule?" aliniuliza mkurugenzi tulipoanza kufahamiana, maana wao wote walipanga kwenye mitaa yenye geti na mlinzi. Nikamjibu kwamba kodi ni nafuu. Ukweli ni kwamba chini ya jengo letu walikuwapo mafundi cherehani wa Kikongo, na kila nikipanda ngazi mtu alinisalimia "Habari ya kazi?" kwa Kiswahili. Kwa salamu hiyo nilivumilia lifti mbovu, mabomba yanayokohoa usiku kucha, na safari ndefu ya asubuhi ya kusimama kwenye kila robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani.

Mimi ni mtu wa lishe. Nililetwa kutoka Tanga kuliandikia shirika letu mkakati wa nchi, wa miaka mitano: namna ya kuwasaidia watu wa Afrika Kusini wale vizuri, kuanzia shambani hadi kwenye sahani. Ukisikia hivyo unaona kazi ni kubwa, na kweli ni kubwa, ila muda mwingi unakuwa umekaa kwenye kiti kinachozunguka, unabadilisha "kuboresha" kuwa "kuimarisha", kesho yake unarudisha "kuboresha". Nikitoka hapo, mtaalamu mzima, napitia dukani kununua mkate na samaki wa kopo, nakwenda kula nimesimama kwenye sinki ili nisichafue meza.

Mkurugenzi alikuwa ameniambia wazi kwamba anayeuandika mkakati ndiye atakayeutekeleza. Nikikubali, nitabaki miaka yote mitano, na Tanga nitakwenda likizo tu kama nilivyozoea. Alitaka jibu mara tu baada ya mkutano wa mwisho wa kupanga. Nilimzungusha wiki baada ya wiki. Nilijua ninachotaka, lakini niliona haya, mtu na mvi zangu, kumwambia mkubwa wangu kwamba nataka kurudi kwetu kwa sababu nimechoka kula peke yangu.

Katika kazi yetu kuna mahojiano tunayoyaita kumbukumbu ya mlo wa jana. Unakaa na mtu, unamwomba akusimulie kila alichotia mdomoni tangu alipoamka. Humuulizi kama alikunywa chai, maana hapo umeshamtilia jibu mdomoni. Unamwacha aanze mwenyewe, kisha unarudi nyuma taratibu kutafuta alivyovisahau: sukari, mafuta, karanga alizotafuna njiani. Nimefanya kazi hii tangu ujanani, na kule Tanga kilichokuwa kikinitoa jasho ni sinia. Watu wanakula pamoja kwenye sinia moja, baba, watoto, shangazi, na jirani aliyekuja kuazima chumvi akaambiwa karibu. Nani amekula kiasi gani? Haijulikani. Mama anasukumia watoto minofu, mtoto mmoja anakula mbio, mwingine anadeka. Nililaani masinia mengi wakati ule. Johannesburg sikupata shida hiyo hata kidogo, kila mtu na sahani yake, na hesabu zilikaa sawasawa kabisa.

Swali la "ulikula na nani" mimi ndiye niliyelileta kwenye dodoso letu, na nililipata kwenye ngazi. Fundi mmoja wa pale chini, mama wa Lubumbashi, aliniona na kifuko changu cha dukani, akasimamisha cherehani.

"Papa, weye unakulaka na nani kule juu?"

"Peke yangu, mama."

"Aa, non! Mutu anakulaka yeye peke sawa paka?"

Jumapili iliyofuata, walipotoka kanisani, akaniita. Kulikuwa na bukari, ule ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, lililotwangwa likatwangika. Nilikula nikashiba. Lakini watoto wake waliongea Kizulu wao kwa wao, kwangu wakatumia Kiingereza cha adabu, na kila nilipofungua mdomo mezani pakatulia. Niliporudi chumbani niliona pamekuwa papana kuliko nilivyopaacha. Sikurudi tena kula kwake, nikawa nasingizia kazi. Swali lake ndilo nililobaki nalo, nikalipigania ofisini mpaka wakaliingiza kwenye dodoso, mwishoni kabisa.

Kabla ya kutumia dodoso lolote, desturi yetu ni kulijaribu sisi wenyewe kwanza. Kila mfanyakazi alijaza kwenye simu, bila jina, akaandika tu mtaa anaokaa. Nami nikajaza kwa ukweli, kwa sababu mtu wa lishe anayedanganya kwenye dodoso la lishe afadhali akauze viatu. Wakati huohuo vijana wetu walikuwa wakihoji watu Soweto na Jeppestown. Majibu ya wafanyakazi yalitakiwa yatengwe kabla ya uchambuzi. Ya wenzangu wa Midrand yalitengwa. Ya kwangu yalikuwa yameandikwa Jeppestown, na aliyetenga hakukumbuka kwamba kuna mtu wa ofisi anayekaa kule.

Basi mkutano wa mwisho ukafika. Mshauri tuliyemkodi kutusimamia, mama mmoja mchapakazi mwenye sauti ya mwalimu, alikuwa amechagua majibu machache akayatengenezea watu wa mfano, ili tusipange kwa kuangalia namba tupu. Alianza na mama wa Soweto anayenunua unga na mafuta kwenye spaza, kiduka cha nyumbani kwa jirani. Tukamjadili vizuri. Akabonyeza, ukutani akatokea mwanamume amechorwa na kofia ya mjenzi. Chini yake pameandikwa "Mlaji wa Jeppestown". Asubuhi, chai ya rangi na magwinya mawili, yale maandazi ya hapa, akila huku anatembea. Mchana hakuna. Jioni mkate mweupe na samaki wa kopo, amesimama kwenye sinki. Alikula na nani? Hakuna.

Nilijitambua kwenye ile sinki.

Kwanza nilitaka kucheka, hasa kwa ile kofia. Wakaanza kunipangia. Mmoja akasema mtu huyu anahitaji semina. Mwingine akasema vipeperushi, vya lugha nyepesi, vyenye picha. Binti wa mawasiliano, kwa huruma ya kweli, akasema inaonekana hajawahi kusikia habari za makundi ya chakula. Mimi nimeyafundisha makundi ya chakula mpaka nimeota mvi! Hasira ikanipanda, na ilipoteremka ikaniachia huzuni, kwa sababu watu wale walikuwa wakinionea huruma, na kila walichokiona ukutani kilikuwa kweli.

Mshauri akanigeukia. "Wewe unakaa kule. Unawajua watu kama huyu?"

"Huyu namjua," nikasema.

"Anakosa nini hasa?"

"Chakula anacho, na elimu anayo. Anakosa wa kula naye."

Mshauri aliitikia kwa kichwa, akaandika, kisha akaniuliza kwa upole, "Ni jambo zuri. Lakini tutalipimaje?" Ningekaa kwenye kiti chake ningeuliza vilevile. Wakakubaliana kwamba swali lisilo na kipimo liondolewe kwenye dodoso, tukaenda kunywa chai.

Jioni ile, baada ya sala ya Magharibi, nikampigia mke wangu. Akaanza kama anavyoanza siku zote.

"Ushakula?"

"Nishakula."

"Umekula nini?"

Nikamsimulia mkasa wote, kofia na semina na vipeperushi. Alicheka mpaka akakohoa. Nikapenda kumsikia akicheka, nikataka aendelee, nikamwambia ngoja nikuhoji na wewe.

"Haya, bwana mtaalamu."

"Anza ulipoamka jana."

"Nilipoamka nilikunywa chai na mkate."

"Mchana?"

"Nilipasha kiporo cha juzi."

"Na jioni?"

"Chai."

"Chai tena?"

"Sasa nimpikie nani, bwana wee?"

Nilijua kwamba mtoto wetu wa mwisho ameshahamia Dodoma kikazi. Mimi mwenyewe nilimtumia pongezi. Lakini kila nilipokula kwenye ile sinki nilikuwa nikiona sinia la nyumbani limezungukwa na mikono, pamebaki nafasi moja tu, ya kwangu. Miezi yote hiyo nilijihurumia mimi.

Lilibaki swali la mwisho, swali langu mwenyewe. Nikaliuliza kwa sauti ya kazini, maana kwa sauti nyingine nisingeweza.

"Ulikula na nani?"

Nikaisikia taarifa ya habari ikisomwa nyuma yake.

"Na redio," akasema.

Redio ikaendelea kusoma. Kisha akauliza, "Sasa huyo bwana wenu wa Jeppestown, mmempangia nini?"

"Wenzangu wamempangia semina."

"Na wewe?"

"Mimi nimempangia arudi kwao. Kesho namwambia mkurugenzi."

Hakusema alhamdulillahi, wala hakulia. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha redio ikazimwa.

"Akirudi," alisema, "mwambie sinia liko juu ya kabati. Mimi silifikii."